Uvunguni Hapakuingilika

Siku ile nilikaa mstari wa mbele katika ukumbi wa kitongoji cha Kambah, nimefunga tai. Kamati iliyokuwa ikitathmini ripoti za lazima za hali ya nyumba ilinialika mimi, Graeme Tolhurst, mkaguzi wa nyumba kwa miaka ishirini na miwili, niseme kama ripoti hizo zinamsaidia mnunuzi au ni makaratasi tu. Hapa Canberra muuzaji haruhusiwi hata kutangaza nyumba bila ripoti hiyo. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri ya kuzitetea.

Kabla yangu alisimama Radmila Stojkovska, dereva wa basi la shule, bado amevaa sare. Alisema alinunua nyumba mtaa wa pili kutoka pale, na miezi mitano baadaye sakafu ya chumba cha mama yake ikabonyea. Mchwa walikuwa wamekula boriti mpaka zikawa zinamegeka kwa vidole.

"Ripoti niliisoma yote, mara mbili," alisema. "Sikilizeni: 'Uvunguni pa nyumba hapakuingilika.' Hapakuingilika! Paka wangu kazalia humo chini ya sakafu. Fundi wa mchwa, jitu la kilo mia na kumi, kaingia na kutoka anapiga mluzi. Au mkaguzi wenu alikuja na friji mgongoni?"

Ukumbi mzima ulicheka. Nami nikacheka. Kisha akataja namba ya nyumba, na kicheko kikanikauka mdomoni. Ripoti ile niliiandika mimi.

Miaka minane nyuma nilikwama chini ya nyumba moja huko Chifley, bomba limenibana kifua, vumbi puani, nikipiga kelele nusu saa kabla ya mtu kunisikia. Tangu hapo, nikifungua kile kimlango cha uvungu, siwezi kuingiza hata kichwa. Sikumwambia mtu, hata mke wangu Bev. Nilikuwa namulika tochi kutoka nje, naandika 'hapakuingilika', naondoka.

Mwenyekiti aliniita. Nilisimama na karatasi zangu, nikaziweka chini.

"Ripoti ya huyu mama ni yangu," nikasema. "Palikuwa panaingilika. Niliogopa."

Hakuna aliyecheka. Radmila alinigeukia, akanitazama toka viatuni hadi kwenye tai.

"Wewe? Ripoti ina jina la kampuni tu, siku zote nilidhani ni kijana fulani mvivu."

"Ni mimi. Nisamehe."

"Uliogopa. Sawa, watu tunaogopa. Sasa si ungeandika hivyohivyo, mzee? 'Mkaguzi aliogopa kuingia.' Ningetafuta mwingine siku hiyohiyo! Umeandika kama vile nyumba ndiyo iliyokataa."

Nilihisi masikio yanawaka kama ya mtoto aliyekamatwa akiiba sukari.

Jumamosi nilikwenda kwake. Mama yake alikuwa analala sebuleni kwenye kochi, nguo zake zimekunjwa juu ya kiti. Bibi yule hakujua mimi ni nani. Alinipikia kahawa, akanisogezea sahani ya pilipili hoho za kukaanga, akasema, "Kula mwanangu, umepauka." Radmila alinikazia macho juu ya kichwa cha mama yake. Nikala.

Nilirudisha leseni yangu wiki hiyo. Kisha nikamwambia Bev yote, tukakaa mezani kutafuta ripoti zenye neno lile. Zilikuwa sitini na moja. Bev alizihesabu upya, akavua miwani.

"Miaka minane, Graeme. Nami nakuuliza kila jioni kazi ilikuwaje."

Sasa nazunguka nyumba hadi nyumba, nagonga, najieleza, naomba wamwite mkaguzi mwingine. Wengine wananishukuru, jambo ambalo ni gumu kulivumilia. Nyumba sita zilikutwa salama. Ya saba, huko Wanniassa, ilikuwa imeliwa na mchwa. Nilirudi na majibu; mwenye nyumba alinisikiliza mlangoni mpaka mwisho, mtoto begani, kisha akaniuliza taratibu, "Kwa hiyo huyu alikuwa akitambaa juu ya sakafu iliyoliwa?"

Nikamwambia ndiyo.