Majina ya Chini ya Mivumu

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo Mzee Sylvesta alivyompokea Ghati, mtaalamu wa mipango miji aliyetoka Mara kuja kuupangia mji wa Kasulu mabasi mapya. Mabasi hayo yangepita kwenye njia yao ya zege yenye kingo mbili, na kingo ndizo zingeyaongoza, kwa hiyo njia ingekuwa nyembamba na nyumba kongwe za mtaa wa zamani zingepona. Mzee alifurahi. Wiki tatu nzima Ghati alikula ugali wa muhogo kwake na kumwita baba.

Jambo moja tu lilimtia mzee hofu. Nyuma ya nyumba, chini ya miti mikubwa ya mivumu, walilala watu kumi na mmoja wa ukoo wake, mama yake akiwemo. Msalaba hapakuwa, wala jiwe. Waha wa zamani walipanda mti juu ya kaburi, basi, na aliyejua alijua. Sasa aliyejua alibaki Sylvesta peke yake. Ghati alimwomba amwonyeshe, ili njia ikwepe. Mzee akamtembeza mti kwa mti, akitaja majina, Ghati akiandika.

"Tutazunguka, baba," Ghati aliahidi.

Mwezi uliofuata ramani ikabandikwa ofisi ya mtaa, watu wakajaa. Njia ilipasua katikati ya mivumu. Ghati alieleza, macho kwenye karatasi, kwamba basi la kingo haliwezi kukata kona kali. Wafadhili wa mradi walikataa kufukua kaburi lisilo na jina, lakini kwa bahati nzuri majina yote yalikuwa yamepatikana. Bahati nzuri! Orodha ilikuwa pale pale chini ya ramani, na jina la kwanza lilikuwa Niyubahwe, mama yake Sylvesta.

Mzee alisogea mbele.

"Mwana wanje, mwanangu, siku ile nakutembeza, ulijua kona haikatiki?"

"Nilijua, baba."

Ghati alisema kwa sauti ndogo, na waliokuwa nyuma hawakusikia. Marselino, binamu wa Sylvesta, alikuwa bado anasoma orodha kwa kidole. Alipofika mwisho aligeuka.

"Sylvesta, majina haya aliyajua nani mwingine zaidi yako? Wamekupa nini?"

Watu wote wakamgeukia. Mzee akamtazama Ghati, amjibie. Ghati alikuwa anakunja karatasi zake.