Kipande cha Tatu

Mvua ya masika mwaka ule wa sabini na tatu ilinyesha Kasulu kama iliyotumwa. Migomba ililala, barabara ikageuka uji mwekundu, na ukungu ulioshuka vilimani asubuhi ulikuwa haupandi tena hadi jioni. Watu walisema si mvua ya heri. Theodosia hakuwa mtu wa kusikiliza maneno ya namna hiyo, lakini hata yeye alianza kuamka na uzito kifuani asioujua ulikotoka.

Kazi yake ilikuwa simu ya upepo, katika ofisi ya shirika lililohudumia wakimbizi waliovuka kutoka Burundi. Mashine ilikuwa moja, njia ya hewani moja, na vituo vitatu vilivyotegemeana: Kasulu, Kibondo na Kigoma mjini. Kila kitu kilipita hapohapo. Dawa, unga, vifo, wageni wa serikali, mama aliyepotezana na wanawe. Habari nyingine ilikuwa ndefu kama mkeka, nyingine maneno manne tu.

Ili zisigombanie mlango, walifundishwa kuzikata. Kila habari, iwe ndefu iwe fupi, ilikatwa vipande vya maneno kumi kumi. Habari ikiishia njiani, kipande kilijazwa kwa neno "tupu" mpaka yatimie kumi. Kabla ya kila kipande ulitaja aina yake, Watu, iliyotangulia zote, Afya au Mizigo, kisha namba yake. Ukimaliza kipande unaachia kitufe na kusikiliza, kwa maana mashine ile haikuweza kusema na kusikia kwa pamoja. Hapo ndipo mwenye jambo la haraka alipopenyeza lake. Orodha ya magunia ingeweza kuchukua asubuhi nzima, na bado mtoto wa Kibondo anayehitaji damu asingeisubiri.

Mtu wa Kibondo alikuwa Khatibu, mtoto wa mwenye duka, msemaji wa haraka mwenye kicheko kifupi. Hawakuwahi kuonana, lakini Theodosia aliijua pumzi yake.

Yaliyotokea yalianza kwa kicheko. Mkuu wa ofisi, Ndugu Hilali, alituma taarifa Kigoma, na karani wa huko akaiandika kama alivyoisikia, bila kuondoa vijazio. Ikasomwa mbele ya wakubwa: "Wakimbizi wa Kasulu na Kibondo wanaishi kwa matumaini tupu tupu." Ukumbi mzima ulicheka. Ndugu Hilali, mtu nadhifu wa ukoo wa wafanyabiashara, asiyependa kuchekwa hata na mkewe, alirudi Kasulu uso umemkauka.

Siku chache baadaye aliingia chumba cha simu na taarifa mpya, ya mapokezi ya wageni. Kurasa nyingi.

"Hii hutaikata," alisema. "Isome yote, mfululizo, kama mtu anavyosoma barua."

"Ndugu Hilali, nikiisoma mfululizo sitamsikia mtu."

"Kuna nani wa kumsikia? Malori yote mawili yameshaondoka salama."

Ilikuwa kweli. Alfajiri ile malori mawili yalikuwa yametoka kwenda Kibondo. La kwanza, la Ndayiragije, lilibeba familia za wakimbizi na lilipita barabara kuu ya Makere. La pili, la Venanti, lilibeba unga, na lilishika njia ya zamani ya Nyakitonto, maana kulikuwa na magunia ya kushusha huko.

Theodosia alitazama dirishani. Ukungu ulikuwa umeufuta hata mti ulio karibu na choo. Alitaka kukataa. Badala yake alibonyeza kitufe akaanza kusoma.

Alisoma mpaka koo likamkauka. Ukurasa ulipogeuka alinyamaza kidogo, lakini kidole hakikutoka kwenye kitufe, kwani Ndugu Hilali alikuwa amesimama nyuma yake. Alipofika mwisho akaachia, na papo hapo sauti ya Khatibu ikaingia chumbani, nyembamba, inazama:

"...Watu, tatu ya tatu. Juu linaonekana zima nguzo zimekwenda zuieni lori tupu tupu tupu."

Kisha kimya.

"Kibondo, Kibondo, hapa Kasulu. Rudia moja na mbili. Ova."

Mashine ilikoroma tu. Aliita tena, na tena. Kigoma wakaingia kusema kwamba taarifa wameipata vizuri sana, asante. Aliwaomba wapishe, akawauliza kama walimsikia Kibondo. Hawakusikia kitu ila sauti yake yeye.

"Betri yake imekufa," alisema Theodosia.

"Lori tupu?" aliuliza Ndugu Hilali. "Sisi hatuna lori tupu barabarani."

"Hizo tupu ni za kujazia. Amesema zuieni lori. Ni daraja. Kwa juu linaonekana zima, chini nguzo zimekwenda na maji."

"Daraja lipi?"

Hilo ndilo lililokuwa katika kipande cha kwanza, au cha pili, na vyote viwili vilikuwa vimepita hewani wakati yeye akiwasifu wageni. Njia ya Makere ilikuwa na daraja. Ya Nyakitonto nayo ilikuwa na lake, la magogo. Gari la kufukuzia lilikuwa moja, Land Rover ya ofisi.

Ndugu Hilali hakuwa mtu mbaya. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Dada Theodosia," alisema kwa sauti ya chini, "wewe unamjua yule kijana. Twende wapi?"

Alifikiri haraka. Khatibu alikuwa ametaja aina: Watu. Hakusema Mizigo. Na lori la watu lilikuwa moja tu.

"Makere," alisema.

Walikwenda kwa mwendo ambao barabara ile haikuuruhusu. Ndugu Hilali aliendesha mwenyewe, midomo ikimchezacheza kwa dua. Walipita penye njia panda ya Nyakitonto na Theodosia akaona alama za matairi ya Venanti zimejaa maji, zinaingia migombani. Aligeuza uso. Mashambani hapakuwa na mtu. Mbwa mmoja alisimama katikati ya barabara, akawatazama wakija, akatoka pale honi ilipomfikia.

Walilikuta lori la Ndayiragije ng'ambo hii ya daraja, limekwama kwenye tope, wanaume wanasukuma na watoto wamekaa juu ya matandiko wamejifunika turubai. Theodosia aliruka kabla gari halijasimama.

"Msivuke! Daraja bovu!"

Wanawake waliteremsha watoto huku wakilitaja jina la Imana, Mungu kwa lugha yao. Mmoja alimshika Theodosia mikono yote miwili akaibusu. Alijisikia mwepesi, mwepesi kiasi cha kutaka kuketi chini pale pale topeni. Ndugu Hilali alivua kofia, akajifuta uso, akacheka bila sauti.

Ndayiragije alikuwa mtu wa kuhakikisha. Alikunja suruali akashuka chini ya daraja, akazunguka nguzo moja baada ya nyingine akizigonga kwa jiwe. Walimsikia akigonga. Alichukua muda. Alipopanda alikuwa na uso wa mtu aliyeshindwa kuelewa.

"Nguzo zote zipo, mkubwa. Nzima kabisa."

Mvua ilizidi juu ya turubai. Theodosia alizitazama zile nguzo nene zilizosimama imara ndani ya maji, na ule wepesi ukamtoka.

Kurudi mpaka njia panda kulionekana kurefuka kila kona. Waliingia njia ya Nyakitonto wakifuata alama za Venanti. Mwanzoni zilikuwa zimefifia, halafu zikawa mbichi zaidi, na kila zilipozidi kuwa mbichi Theodosia alizidi kuomba zigeuke, ziingie shambani, zikwame popote. Hazikugeuka. Zilinyooka mpaka ukingoni, zikapanda gogo la kwanza na la pili, zikaishia hapo.

Chini, mto wote ulikuwa mweupe. Unga ulikuwa umeyeyuka ukayageuza maji maziwa, na magunia yaliyopasuka yalizunguka taratibu penye kona. Ndugu Hilali aliita jina la Venanti mpaka sauti ikamkauka.

Walimpata kesho yake, mbali kidogo, chini ya mizizi.

Kibondo ilipopata betri nyingine, Khatibu alirudia habari yake bila kuulizwa, kwa sauti ya mtu mzee. Kipande cha kwanza: "Daraja la njia ya Nyakitonto limeharibika tangu mvua ya jana." Cha pili: "Watu wawili waliokuwa wakivuka kwa miguu wamezama asubuhi hii mtoni."

"Niliandika Watu kwa sababu ya hao wawili," alisema. "Na ili ipite mbele ya zote. Nilingoja uachie, dada. Betri inakwisha, nangoja uachie. Uliponyamaza kidogo nikadhani umeachia. Ova."

Theodosia alibonyeza kitufe, akakiachia.

Baada ya maziko, Esteri, mjane wa Venanti, alikuja ofisini. Ndugu Hilali alimpa kiti chake mwenyewe akasimama ukutani kama mgeni. Mwanamke hakuketi. Alimtazama Theodosia.

"Nimeambiwa yule wa Kibondo alitaja njia."

"Ego, mama. Aliitaja. Kipande cha kwanza."

"Nawe wakati huo ulikuwa unasema nini?"

Ndugu Hilali alifumbua kinywa, lakini Esteri hakumgeukia.

"Nilikuwa nasoma," alisema Theodosia. "Habari za mapokezi ya wageni."

"Zilifika?"

"Zilifika, mama. Zote."

Esteri alitikisa kichwa polepole, akajifunga khanga yake vizuri, akatoka akaingia kwenye ukungu.