Muzinga wa Abedi

Mume wangu Abedi, fundi wa mashua hapa Kindu, alitumia miezi mitatu kutengeneza muzinga mudogo wa manowari. Bomba lilikuwa la shaba, refu kama mukono wangu, juu ya magurudumu manne, nyuma ya ubao wenye dirisha kama ubavu wa meli. Kamba za kuuvuta alisuka kwa uzi wa nyavu, kapi za kupitishia kamba akachonga kwa mifupa ya ng'ombe. Alitaka watu wa bandari wauone kwenye maonyesho ya sikukuu ya Chama tawala.

Tulifika uwanjani. Kakule, tuliyemuita citoyen, “mwananchi”, kama Chama kilivyotaka, alikuwa akiandika majina; akasoma “muzinga” kwenye orodha yake, akatupeleka bila kuinua macho kwenye meza ya kilimo, kati ya maboga na mizinga ya nyuki.

“Mama, hapa njo pa mizinga. Nyuki wenu wako wapi?”

Abedi akanigeukia. Mimi nikacheka.

“Citoyen, kitendawili.”

“Tega, Mama.”

“Ndugu wawili, jina moja. Mumoja anatoa asali, mwengine anatoa moshi.”

Kakule akakuna kichwa. “Lakini hata wa nyuki tunautia moshi.”

“Basi vuta kamba hii.”

Akavuta. Kapi zikalia, muzinga ukakimbia mbele, ukatoa mudomo kwenye dirisha la ubavu wa meli. Akaurudisha, akavuta tena, na tena. Wauza asali wakaacha meza zao, wakatuzunguka.

Kakule akaubeba mwenyewe mpaka meza ya bandari, Abedi akimukimbilia nyuma:

“Polepole, citoyen. Shika chini, usishike kamba.”