Bawaba na Kile Kitu

Mume wangu aliniita kitu mbele ya mdogo wake, nami nikashusha sinia mezani kwa kishindo mpaka vikombe vikaruka. Nilikuwa natoka jikoni na chai. Shemeji yangu, mtu asiyejua kunyamaza hata mdomo ukiwa umejaa mkate, alikuwa amemuuliza kaka yake, "Shemeji yuko wapi?" Mume wangu akajibu kwa utulivu kabisa, kama anayetaja saa, "Kile kitu kimekwenda jikoni. Kitarudi."

Kitu! Mimi! Mwanamke niliyemzalia, niliyemfulia, niliyevumilia mkoromo wake miaka yote hiyo! Shemeji alicheka mpaka akapaliwa, akidhani ni utani wa mke na mume. Mimi sikucheka. Nikamwambia mume wangu, "Hebu rudia nikusikie vizuri." Akanitazama kwa adabu, akasema, "Kimerudi," kisha akanyoosha mkono kuchukua kikombe.

Mimi ni mwepesi wa hasira, na bado niko hivyo, msije mkadhani maradhi ya mtu mwingine yamenifanya malaika. Nilimnunia. Nilimtengea chakula bila neno, nikahamia chumba cha pili na redio yangu. Mwishowe shemeji akaitisha kikao cha familia pale pale sebuleni, akamwita na binti yetu, akakaa kwenye kiti kikubwa kama hakimu. Akamwambia kaka yake aniombe radhi, maana mke hatupiwi maneno kama hayo.

"Naomba radhi," alisema mume wangu, mkono kifuani, na alimaanisha. "Sikujua kama kimekasirika."

Nikasimama. Nilitaka kumrukia, Mungu anisamehe. Ila binti yetu, ambaye anafundisha Kiswahili sekondari na ana sarufi mpaka ndotoni, aliinua mkono kama yuko darasani. "Mama, subiri. Baba hatukani." Akachukua kijiko, akamwonyesha. "Baba, nini hiki?"

"Kitu cha kukorogea."

Akamwonyesha pazia. "Kitu cha dirishani." Akamwonyesha paka aliyelala mkekani. "Mbwa," akasema baba yake, bila wasiwasi wowote.

Shemeji alifungua kinywa acheke, akakifunga. "Jina likimpotea anaweka kitu," alisema binti yangu polepole, "halafu sarufi inafuata. Kitu kimekwenda, kitu kimerudi, kimekasirika. Hajakosea upatanisho hata mmoja." Alisema hivyo huku bado ameshika kile kijiko.

Lazima mjue mtu huyu alikuwa nani. Mume wangu alikuwa mtunza stoo katika duka la vifaa vya ujenzi, na watu wote walimwita Bwana Stoo. Nati, washa, spana, bisibisi, kitasa, komeo, majina yote yalikuwa kinywani mwake, na ole wake mteja aliyeingia na kusema, nipe kile kidude. "Kidude ndiyo nini?" angemuuliza. "Kila kitu kina jina lake. Hata wewe mama yako hakukuita kidude." Watu walikuwa wanasema kidude makusudi, wapate kumsikia akifoka. Begani hakukosa kitambaa. Paa la stoo lilikuwa linavuja, na kila mvua ilipopita alifuta vyuma kimoja kimoja huku akisema maneno yale yale, kwa vijana wa dukani, kwa wateja, hata kwa ukuta: "Kikilowa kifutwe, kisije kikashika kutu." Vilivyokaa sana bila mnunuzi alivipaka mafuta kwa mkono wake mwenyewe.

Huko ndiko nilikompata. Nilikuwa msichana, msusi mwenye chumba kimoja cha kusukia nywele na mlango usiofunga. Nilinunua bawaba kwake. Nikairudisha kwa sababu ilikuwa inalia. Akanipa nyingine, nikairudisha kwa sababu imepinda. Ile ya mwisho haikuwa na kasoro yoyote, na mimi sikuwa na sababu ila yeye. Akaigeuza geuza, akaipaka mafuta, akanitazama. "Bawaba ni wewe," akasema. "Unakwenda na kurudi, na kelele juu." Basi. Tangu siku hiyo hakuniita jina lingine. Siku ya harusi alinong'ona Bawaba. Siku niliyojifungua alisimama nje ya wodi akapaza sauti, "Bawaba! Uko mzima?" mpaka wauguzi wakaja kumfukuza. Jina langu la kweli sijui hata kama alikuwa analikumbuka akiwa mzima.

Kwa hiyo mimi sikutaka mengi. Wengine wangeomba apone, arudi kazini, ajue mwezi na mwaka. Mimi niliomba aniite Bawaba, nami nikiwa mbele yake.

Daktari wa ubongo alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye viatu vilivyochakaa kisigino. Alituwekea ukutani picha ya kichwa cha mume wangu. Vichwa ndiyo kazi yangu. Nimegawa nywele za watu toka paji mpaka kisogo maisha yangu yote, na sikuwahi hata siku moja kujiuliza chini ya ngozi ile kuna nini. Daktari akaweka kidole juu ya sikio, kwenye panja la kushoto. Kwingine kote kulikuwa na kijivu. Hapo palikuwa peusi.

"Ubongo ni seli za neva zinazopelekeana habari," alisema. "Mtu akikutajia bawaba, seli hizi zinaleta umbo lake, zile zinaleta uzito wake mkononi, nyingine zinaleta mlio wake. Hayo yote yanakuja kukutana hapa, yanafungwa pamoja, ndipo unajua bawaba ni nini. Sasa seli za hapa zinakufa."

"Lakini mbona anaongea vizuri?" aliuliza binti yangu.

"Sarufi ina sehemu yake, mbele zaidi. Mazoea ya mikono nayo yako kwingine, ndani. Huko bado hakujaharibika. Atapanga maneno sawasawa, atafunga vifungo vya shati, atafuta vumbi. Ila hatajua anachokisema ni nini." Akahamisha kidole upande wa pili wa picha, kwenye panja la kulia, ambako weusi ulikuwa mdogo. "Na huku ndiko tunakojulia watu. Nako kumeshaanza."

Nikamuuliza kama seli zinaota tena, kama nywele. Akasema hapana. Dawa ya kuzirudisha? Hakuna. Ya kuuzuia ugonjwa usiendelee? Hakuna. Nikamwambia, "Basi mama, niambie kilichopo, maana visivyokuwapo vimekuwa vingi." Alivua miwani, akaifuta, akairudisha usoni. Maskini, nilimchukia njia nzima mpaka nyumbani, wakati hakunikosea lolote.

Mara ya pili tulipoonana nilimwambia nitamfundisha mume wangu upya. Kama mtoto anafundishika, kwa nini mtu mzima asifundishike? Daktari hakunikataza. Alinitahadharisha tu. "Atashika kile unachomwonyesha, hicho hicho. Ukibadilisha kidogo, atakuwa hakijui. Na ukiacha kumfundisha, kitapotea." Nikajiambia huyu anamjua mume wangu kwenye picha, mimi namjua kwenye mto.

Nikaanza na ile bawaba aliyoipaka mafuta siku aliyonipa jina, ya shaba, niliyoitunza kwenye kopo la vifungo. Kila asubuhi baada ya chai niliiweka kiganjani mwake. Bawaba. Sema bawaba. Alikuwa mwanafunzi mzuri, hachoki wala hachukii. Siku moja nikaiweka kiganjani kabla sijafungua kinywa, naye akasema, "Bawaba." Jamani! Nilipiga kigelegele peke yangu sebuleni. Nikamshika mkono nikamvuta mpaka mlango wa jikoni, nikamwekea kidole kwenye bawaba ya pale, ya chuma, nyeusi. "Na hii?"

Akaikagua. Akausukuma mlango, akausikiliza. "Kitu," akasema. "Kinataka mafuta."

Nikajipa moyo kwamba ni rangi tu iliyomchanganya. Niliona, lakini sikutaka kuona.

Halafu nikatoa picha yangu. Ilipigwa mwaka tuliooana, nimesimama mbele ya chumba changu cha kusukia, gauni la njano, nywele zimesukwa kwenda nyuma na kufungwa utosini. Bawaba, mke wako. Sema. Bawaba, mke wangu. Hiyo ilichukua muda mrefu kuliko ile ya shaba. Nilikuwa nachelewa kufungua chumba cha kusukia, wateja wananilalamikia, mmoja akahamia kwa msusi mwingine, na aende tu. Hatimaye akaweza. Unamwonyesha picha, anatabasamu lile tabasamu lake la kaunta, anasema, "Bawaba. Mke wangu." Nilimpigia simu binti yangu nikashindwa kuongea, nikabaki nahema tu kwenye simu mpaka akadhani baba yake amefariki.

"Njoo Jumapili," nikamwambia nilipopata sauti. "Njoo usikie."

Jumapili hiyo niliamka nikajisuka mwenyewe, kazi ngumu kwa mikono ya umri wangu. Nikasuka kwenda nyuma, nikafunga utosini, vile vile. Nilikuwa nimeshonesha gauni la njano. Nilipojitazama kwenye kioo niliona bibi kizee aliyevaa kama msichana, nikajitukana, kisha nikajipaka poda. Binti yangu alipoingia aliniona akasimama mlangoni. "Mama," alisema tu, akanikumbatia. Shemeji hatukumwita, angetuvunja mbavu siku isiyokuwa ya kucheka.

Mume wangu alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, shati limefungwa vizuri, kitambaa begani. Jua la mchana lilikuwa limeingia mpaka miguuni pake. Nikaketi mbele yake, magoti yetu yakagusana. Binti yangu akamwonyesha picha.

"Baba, huyu nani?"

"Bawaba," akasema, na uso wake wote ukafunguka. "Mke wangu."

Nikachukua ile picha, nikaiweka kando ya shavu langu. Nikaweka mkono kifuani. "Na huyu hapa?"

Alinitazama toka utosini mpaka miguuni, taratibu, bila haraka, kama alivyokuwa akikagua mzigo ulioshushwa mlangoni kwake. Kisha akamgeukia binti yetu.

"Hiki sikijui," akasema. "Kililetwa."

"Kililetwa na nani, baba?"

"Sijui. Kimekaa sana hapa. Mwenyewe hajaja kukichukua."

Nililia. Sikulia kwa heshima, nililia kama mtoto, poda yote ikatiririkia kwenye gauni. Binti yangu alikuja kunishika, lakini baba yake alishasimama. Jambo lilikuwa limemshtua. Alivuta kitambaa begani, akakikunja apate upande mkavu, akanishika kidevu kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika kitu chenye ncha. Akanifuta shavu moja. Akanifuta la pili. Akapitisha pembe ya kitambaa kwenye kona za macho, chini ya pua, chini ya kidevu, hakuacha mahali. Tangu augue hakuwahi kunigusa kwa upole namna ile.

"Kimelowa," alimweleza binti yetu. "Kikilowa kifutwe, kisije kikashika kutu."

"Mume wangu," nikasema, "Bawaba ni mimi."

Neno alilisikia. Mkono ulisimama, macho yakawaka, nami kwa muda mfupi nikaamini. Kisha akageuza kichwa akautazama mlango. Aliutazama kwa hamu, akisubiri kuona nani ataingia. Hakuingia mtu. Akarudisha kitambaa begani.

"Bawaba akija," akamwambia binti yetu, "mwambie akipake mafuta."

Binti yangu aliziba mdomo kwa kiganja. Najua alichokisikia, kwa sababu na mimi nilikisikia, ingawa sijafundisha sarufi hata siku moja. Akipake. Mwanzoni mwa neno nilikuwa mtu, katikati nilikuwa kitu, na yeye hakukosea popote. Alikuwa bado amesimama, anasubiri ajibiwe.

"Haya," nikasema. "Nitamwambia."