Saa Tisa Tu

Vumbi la chaki lilielea kwenye mwanga wa dirisha, jeupe, jepesi, halina haraka. Na fundi cherehani aliyelipeperusha hakuwa na haraka pia. Mtaa mzima ulimjua. Ukiulizia suruali yako, jibu ni lile lile: "Nimebakisha vifungo tu. Njoo kesho."

Lakini leo, leo fundi ana haraka. Mchumba wake anarudi baada ya miaka miwili, na ujumbe wake ni mfupi kama uzi wa kushonea kifungo: "Napanda ndege saa nne asubuhi. Saa tisa tu, niko nawe. Nisipokukuta mlangoni, pete nakurudishia."

Umbali alishaupima. Alitandaza ramani juu ya meza ya kukatia, akalaza futi yake kutoka mji hadi mji: sentimita kumi na moja. Kimo cha mfuko wa shati. Bahari nzima, jangwa zima, mawingu yote, vinaenea mfukoni. Hata saa za ukutani za miji hiyo hazipishani. Umbali ni nini, basi?

Saa tisa alasiri fundi yuko uwanja wa ndege, kola imesimama, chaki bado mabegani na viganjani. Saa tisa na nusu, yupo. Saa kumi, kola imelala. Yeye, ambaye hajamngoja mtu tangu azaliwe, amengojeshwa hadharani.

Akaliendea dirisha la maulizo. Mama wa pale akamtazama juu ya miwani. Mama huyo alishampelekea fundi kitambaa cha gauni la harusi ya bintiye. Binti kaolewa, kajifungua, mtoto anatambaa, gauni bado.

"Ndege iko wapi, mama?"

"Imebakisha vifungo tu, mwanangu."

"Mama, nakuomba. Mchumba kaniambia saa tisa."

Mama akausoma ujumbe, akacheka mpaka miwani ikamteleza. "Hii si saa tisa ya ukutani. Ni saa tisa za kukaa angani. Nne na tisa, haya hesabu, wewe mtu wa vipimo."

Akahesabu kwa vidole. Saa moja jioni.

"Gauni lako Ijumaa, mama."

"Ijumaa ya mwaka gani?"

Akakaa. Akaijua kesho, ile kesho anayowapa wateja wake, jinsi inavyokaliwa: benchi gumu, shingo ndefu, mlango unaofunguka kwa kila mtu isipokuwa wako. Sentimita kumi na moja, na kila moja ina mgongo wake wa kuuma. Mara tatu kiburi kilimwambia ondoka. Mara tatu akakiambia njoo kesho.

Saa moja na robo mlango ukamtoa mchumba wake, koti jeusi, sanduku lenye gurudumu bovu.

"Umeningoja sana?"

"Nilibakisha vifungo tu," akasema fundi.

Akamkumbatia. Alipomwachia, vumbi la chaki lilikuwa limehamia kwenye lile koti, vidole vitano vyeupe mgongoni. Fundi huweka chaki mahali pa kukata. Hapa, kwa mara ya kwanza, aliiweka mahali pasipokatwa tena.