Darasa Lililomnyamazisha Mpiga Chapuo

Mwinyijuma wa barabara ya kumi na tano, Ngamiani, hakuwahi hata siku moja kuambiwa anyamaze na mtu aliyemwita mwenyewe aje kupiga ngoma. Chapuo lake lilikuwa dogo kama debe la samli lililokatwa nusu, lakini alipolichapa kwenye harusi moja kule Kigombe, mbuzi watatu waliofungwa wakisubiri kisu walikata kamba, wakaingia uwanjani kucheza, na mwenye harusi akaona haya kuwachinja. Wageni wakala maharage. Anayebisha na aende Kigombe akawaulize wajukuu wa mbuzi hao.

Kwa hiyo mwaka wa hamsini na nne, Mwalimu Lea alipomfuata barazani kumwomba akawapigie watoto wa darasa la kwanza, Mwinyijuma aliona anaombwa kamsaada kadogo tu.

"Shikamoo, Mzee Mwinyijuma."

"Marahaba, binti. Umeteremka Usambaa kote huko kuja kutufundisha watu wa Tanga kucheza?"

"Nimekuja kuomba, mzee. Nina watoto thelathini, na hakuna wawili wanaopiga hatua moja."

Akamweleza lililomkaba. Mwalimu Mkuu, Manase, alisema kipindi cha michezo ya viungo kwa watoto wadogo kinapoteza wakati na kuchakaza kaptula. Mwisho wa muhula anakuja mkaguzi. Watoto wakicheza vizuri mbele yake, kipindi kitabaki. Wakitawanyika kama vifaranga, kinafutwa, na Lea anapelekwa Handeni kufundisha ushonaji.

"Basi si utashona?"

"Mzee, mimi hata uzi sijui kuutunga kwenye sindano."

Mwinyijuma akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Kesho yake akaenda.

Alichokikuta kilimfanya amwonee huruma yule binti. Watoto wale walikuwa mchanganyiko: wa mjini, Wadigo, Wabondei, na watoto wa manamba waliotoka mashamba ya mkonge, ambao baba zao walikuja kutoka pande zote za nchi. Ukipiga chapuo, huyu anatikisa mabega, yule anaruka juu, mwingine anazunguka kama pia, kila mmoja na alivyoona kwao. Lea akipuliza filimbi na kuhesabu, wote wanasimama kumtazama mdomo.

Siku ya nne Mwinyijuma akakuta shimo nyuma ya darasa. Lea alikuwa amelichimba mwenyewe, akamwaga maji, na watoto wamo ndani mpaka magotini, wanakanyaga udongo kama unavyokanyagwa nyumba inapokandikwa. Hapo hakuna Mdigo wala mtoto wa manamba. Udongo wa kukandikia kila mmoja aliujua kwao, na kila mmoja alijua kuwa ukiinua mguu wakati mwenzako anateremsha wake, utamrushia tope la uso. Bila kuhesabiwa, wakaanza kwenda pamoja.

"Tazama, mzee," alisema Lea, sketi imetapakaa tope. "Nani amewapigia filimbi?"

Baada ya wiki akawatoa shimoni, akawaweka penye ukavu na hatua ile ile. Akawaongezea kuinama, kuchota donge la udongo ambalo halipo, kumpa jirani, na kulibandika ukutani kwa kofi. Watoto thelathini wakawa wanakandika nyumba isiyoonekana. Mwinyijuma angekula yamini kwamba yeye aliiona, na kwamba paa lake lilipungua makuti mawili upande wa kusini.

Ndipo siku moja, katikati ya utamu, Lea akamwambia, "Sasa nyamaza, mzee."

"Ninyamaze?"

"Wakuache wewe, wasikilizane nyayo."

"Binti, umenitoa barabara ya kumi na tano nije kukaa kimya? Kukaa kimya hata kwangu kiti kipo!"

"Hata dakika tatu tu, babu yangu."

Akaweka mikono mapajani, amenuna. Watoto wakayumba, wakagongana, wakaanza upya. Kila siku Lea akaongeza muda wa kimya. Yeye mwenyewe alifumba macho, ameinamisha kichwa, na katika nyayo sitini aliusikia mmoja uliokosea. "Beatrisi, mguu wako wa kushoto unasinzia," angesema bila kufumbua macho, na kweli, alikuwa Beatrisi, na ulikuwa wa kushoto. Mwinyijuma alikuwa na miaka arobaini kwenye ngoma, naye hakuusikia. Kwanza aliona wivu. Mwisho wa mwezi alikuwa akiwasimulia watu barazani kwamba yule binti wa milimani anamsikia siafu akikosea hatua.

Siku ya ukaguzi ikafika. Mkaguzi, Mzungu mrefu mwenye soksi za magotini, aliketi chini ya turubai. Manase alikaa kando yake, amejinyonga kwa tai. Nyuma ya kamba walijaa akina mama na buibui zao, khanga zao, na mirashi ya marashi, maana hakuna mama wa Tanga anayekwenda kumtazama mwanawe mikono mitupu.

Watoto wakaingia. Wakakanyaga, wakainama, wakachota, wakapokezana. Mkaguzi akaacha kuandika, akatazama. Ukuta ukapanda. Mwinyijuma moyo ukamjaa, na hapo ndipo mikono ilipomponza. Mchezaji wa harusini akicheza mpaka akapendeza hivyo, mpiga chapuo hupiga pigo la tunzo: matatu ya haraka, kimya, matatu ya haraka. Maana yake, enyi jamaa, wenu amestahili, ingieni mumtunze. Kwa miaka arobaini mikono ile haikuwahi kungoja ruhusa. Ikapiga.

Mama gani atalisikia pigo lile akabaki kitini? Mwamvua, binti wa kaka yake Mwinyijuma, ambaye mwanawe Uweso alikuwa mstari wa mbele, aliruka kamba kwa vigelegele, mrashi mkono huu, kikuba cha asumini mkono ule. Nyuma yake wakaja kumi na wawili. Nyuma ya hao wakaja waliobaki. Marashi yakanyesha. Watoto wakafunikwa khanga vichwani.

"Rudini!" alipiga kelele Manase. "Huu ni ukaguzi, si harusi!"

"Wako mtunze wewe, mwalimu!" alimjibu Mwamvua. "Wangu niachie!"

Mwinyijuma aliiona Handeni yote mbele ya macho yake, na cherehani zake. Akamtafuta Lea. Lea hakupiga kelele wala hakukimbia. Alimtazama kupitia katikati ya zile khanga, akateremsha kiganja chake polepole.

Mzee akaelewa. Akaondoa mikono kwenye chapuo.

Ngoma ilipokatika, akina mama nao wakasimama, kama desturi. Na katika kimya kile zikasikika nyayo. Tu, tu, tu, tu. Watoto hawakuwa wameacha. Mwenye khanga usoni alikuwa anainama, anachota, anampa jirani asiyemwona, na jirani anapokea. Akina mama wakajikuta katikati ya mistari: ukienda huku, mstari unakuja, ukienda kule, mwingine.

Uweso, miaka saba, akamfikia mama yake na donge mikononi.

"Mama, pokea! Nyumba itaanguka!"

Mwamvua akatupa mrashi, akaupokea ule upepo kwa mikono miwili, akageuka, akampa mwenzake. Mwenzake akapokea. Buibui zikainama, buibui zikainuka, mpaka uwanja mzima ukawa unakandika. Wako watu Pangani wanaosema kishindo kile kilimwaga chai yao. Kofi la mwisho watoto walilipiga pamoja, paa! Akina mama wakafuata, wamechelewa kidogo.

Mkaguzi alifunga daftari lake. Kisha akauliza kwa Kiswahili chake cha polepole, "Hawa mama, walifanya mazoezi siku ngapi?"

"Wiki sita, bwana," alisema Manase upesi, akijifuta jasho.

"Hapana, bwana," alisema Lea. "Hawakufanya hata siku moja. Watoto wamewafundisha sasa hivi, mbele yako."

Manase akafumba macho. Mkaguzi akamtazama Lea, akawatazama watoto, akafungua daftari.

"Kipindi kibaki," alisema. "Na darasa la pili wapewe pia, kwa mwalimu huyu huyu."

Mwinyijuma akasogea, chapuo chini ya kwapa, kofia mkononi. "Binti, ni mimi. Mikono ilinitangulia."

"Niliiona ikitangulia," alisema Lea. "Ila watoto walitaka kujaribiwa na kitu, babu. Mimi peke yangu nisingethubutu."

Hapo Mwamvua akawapenya katikati, khanga imemvuka, pumzi juu.

"Mwalimu, kesho saa ngapi?"

"Kesho nini, dada?"

"Mazoezi! Lile kofi la mwisho nimechelewa, na Uweso ameniona. Unafikiri nyumbani leo nitakaa wapi?"

Lea akamtazama tangu kichwani hadi kwenye viatu vyake vya sikukuu.

"Saa mbili," alisema. "Uje pekupeku."