Supu Bila Chumvi

Mzee Trifon aliionja supu, akaizungusha mdomoni taratibu kama mtu anayepima divai, kisha akaitema yote kifuani kwa binti yake.

"Maji ya kuoshea vyombo," akasema. "Hata mbwa wa jirani yetu Gana hutiliwa chumvi."

"Daktari amekataza, baba. Tumbo litazidi kujaa maji."

"Daktari, daktari! Sema unangoja nife uchukue nyumba."

Nedelina akajifuta kwa pembe ya aproni, akachota kijiko kingine. Ulikuwa mwezi wa saba sasa tangu aache kazi yake ya ushonaji mjini na kurudi kijijini na mtoto wake wa miaka sita, Biliana, kumuuguza baba. Saratani ya ini ilikuwa imemgeuza mzee manjano kama nta, ikamkausha mikono iliyopogoa mizabibu miaka arobaini. Ulimi peke yake ndio haikuugusa.

Na ulimi huo ulijua kuchagua watu. Muuguzi alipokuja kila Jumatano kumdunga sindano, mzee alikuwa asali tupu. "Karibu mwanangu. Wewe una mikono myepesi, si kama huyu wangu, mikono ya mpasua kuni." Na Kamen, kaka yake Nedelina aliyekuwa akifanya kazi Ujerumani, alipopiga simu, mzee alitokwa machozi ya furaha. "Ungekuwepo wewe, nisingelala na njaa." Aliyemshikia simu sikioni alikuwa Nedelina.

"Anakutupia maneno wewe kwa sababu anajua huondoki," shangazi Gana, jirani yao, alimwambia siku moja uani. "Hao wengine anaogopa wasirudi."

"Basi ningeondoka na mimi nipendwe!"

Wakacheka wote wawili. Gana alipomaliza, Nedelina akabaki akicheka peke yake.

Hakutaka shukrani. Alitaka neno moja tu zuri kutoka kwa baba yake kabla mzee hajafa, la kubaki nalo, kama mtu anavyobaki na ufunguo wa nyumba iliyobomolewa.

Ikaja Jumapili ya Msamaha, ya mwisho kabla ya mfungo wa Pasaka. Jioni yake kila mdogo humwendea mkubwa wake, akambusu mkono na kusema, "Nisamehe." Mkubwa hujibu, "Umesamehewa, nawe nisamehe." Ndivyo ilivyokuwa hata kwa babu wa babu zao: mdogo huanza.

Asubuhi ya siku hiyo, Nedelina alipokuwa akimgeuza kitandani ili kumbadilishia shuka, mzee alipiga yowe la maumivu, kisha akasema, na Biliana amesimama mlangoni anasikia, "Mumeo alikukimbia akiwa na akili zake timamu."

Nedelina alimaliza kukunja pembe za shuka moja baada ya nyingine. Alasiri akamwomba shangazi Gana akae na mgonjwa, yeye akaenda dukani kununua halua ya ufuta. Aliporudi alimkuta baba yake amenyolewa ndevu, amevalishwa shati jeupe.

"Nani kakunyoa?"

"Mwenye mikono myepesi," mzee akasema.

Haya, akawaza Nedelina, anajipamba kwa ajili ya simu ya Kamen.

Jioni alifunga kipande cha halua kwenye uzi mwekundu, akakining'iniza kwenye boriti chumbani kwa mgonjwa, akakisukuma kibembee. Biliana alikikimbiza kwa mdomo, mikono nyuma, kama desturi inavyotaka.

"Panua domo!" mzee akamchochea kwa sauti iliyobaki nusu. "Kwani kifaranga hula kwa meno?"

Halua ikanaswa, nusu yake ikaishia nyweleni. Biliana akaenda kitandani akaubusu ule mkono wa manjano. "Nisamehe, babu. Nilikufichia miwani."

"Umesamehewa, kuku wangu. Nawe nisamehe. Niliiona, nikajifanya sioni."

Mtoto akacheka. "Sasa zamu ya mama!"

Mzee hakuurudisha mkono wake chini ya blanketi. Aliuacha pale juu, umenyooka kuelekea alipo Nedelina, na macho yake akayaelekeza ukutani.

Nedelina aliutazama. Aliujua mkono huo kuliko wake mwenyewe. Yeye ndiye aliyeuosha, yeye ndiye aliyeukata kucha. Anisamehe nini? Nimemkosea nini? Akawaza kwamba akipiga magoti leo, maneno ya asubuhi yatakuwa yamehalalishwa.

"Supu inaungua," akasema.

Jikoni hapakuwa na kitu motoni. Alisimama mbele ya jiko baridi akihesabu maua ya vigae, na aliporudi, uzi umeacha kubembea na baba yake amefumba macho. Mkono ulikuwa pale pale.

Jumatatu mzee aliamka bila maneno. Macho yalikuwa wazi, lakini midomo ilichezacheza tu bila sauti. Daktari alisema siku mbili, pengine tatu.

Shangazi Gana alikuja, akaketi jikoni akilia, kitambaa usoni. "Heri aliwahi kukwambia."

"Kuniambia nini, shangazi?"

Gana akaacha kulia. "Jana si ndiyo aliniomba nimnyoe? 'Ninyoe vizuri, Gana, univishe shati nililovaa harusini kwa binti yangu. Leo Nedelina ataniomba msamaha, nami nitapata pa kuanzia.' Nikamwambia, mzee, si umwambie tu? Akanifokea: 'Tangu lini baba akaanza?'"

Nedelina hakumbuki alivyofika chumbani. Alipiga magoti, akauchukua mkono, akaubusu. Ulikuwa bado unanukia sabuni ya kunyolea.

"Nisamehe, baba."

Akangoja. Alingoja kama mtu aliyebisha hodi na kusikia ndani kuna watu. Midomo ikacheza, ikatulia.

Basi akasema yeye, polepole, sehemu ya baba yake: "Umesamehewa, Nedelina. Nawe nisamehe." Na hapo sauti ikamkatika, akashindwa kabisa na neno la mwisho, lile lililokuwa lake mwenyewe. Akarudia mara ya pili. Mara ya tatu likatoka: "Umesamehewa, baba."

Alikwenda jikoni akapasha supu. Akachota chumvi kwa vidole vitatu, akaitia, akakoroga, akaonja. Ilikuwa tamu kama ile aliyokuwa akipika mama yake. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akamwinua kichwa na kumpa nusu kijiko.

Mzee aliikalisha supu mdomoni muda mrefu, akamtazama. Kisha akameza.

Hakuitema. Nedelina hakujua kama ameikubali, au ni nguvu za kutema tu zilizokwisha. Akamfuta kidevu, akachota kijiko kingine, akakipuliza.